Ngassa wa Mwanza: mwili mwembamba, safari ndefu na maswali kwa mzazi mwenye mtoto anayependa mpira

Jioni, jua linapoanza kuinamia ziwani, viwanja vya Mwanza hujaa. Kuanzia Igoma hadi Nyegezi, Mabatini hadi Kirumba, popote palipo na kipande cha ardhi tambarare katikati ya mawe utakuta vijana wanafukuzana na mpira. Pembeni husimama watu wazima wawili watatu, mikono nyuma, wakitoa hukumu. Huyu ana mguu. Yule ana mbio. Kisha huja ile kauli ambayo watoto wengi wembamba wameshaisikia: "Anajua, lakini mwili hana."

Mji huu una jina moja la kuwajibu wazee hao: Mrisho Ngassa.

Alizaliwa Mwanza mwaka 1989. Akicheza kama winga na mara nyingine kiungo mshambuliaji, aliitumikia Taifa Stars kuanzia mwaka 2006 hadi 2015. Kumbukumbu za soka la kimataifa zinamhesabia mechi 100 na mabao 25, na kwa miaka mingi hakuna Mtanzania aliyemfikia kwa mabao ya timu ya taifa. Hakuwa na kifua cha kumtisha beki. Alikuwa na kasi, na alijua wakati wa kuitumia.

Enzi zake uwanjani zimepita. Lakini kwa mzazi ambaye mwanawe anarudi nyumbani magoti yamechubuka na daftari la hesabu halijafunguliwa, safari ya Ngassa ina mengi ya kuangaliwa upya: mwili, sahani, ziwa, na karatasi ambazo mtoto huletewa asaini kabla hajajua kilichoandikwa ndani.

Kutoka Toto hadi Jangwani

Hakutoka katika nyumba isiyojua mpira ni nini. Baba yake, Khalfan Ngassa, naye alikuwa mchezaji mwenye jina katika soka la nchi. Na Mwanza yenyewe ni mji wa mpira: Pamba ya hapa iliwahi kuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1990, na Toto African, ambayo mashabiki wake huiita Wana Kishamapanda, imekuwa mlango wa vijana wengi wa kanda ya ziwa.

Ngassa alipita mlango huo. Kutoka Toto akaenda Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari iliyo upande wa pili wa ziwa, yenye uwanja wake wa nyumbani Kaitaba, Bukoba. Mwaka 2006 akawa Dar es Salaam, mtaa wa Jangwani, ndani ya jezi ya Yanga.

Hebu hesabu miaka. Aliyezaliwa 1989, mwaka 2006 ana miaka 17. Huo ni umri wa kidato cha tatu au cha nne. Mtoto wa umri huo anaondoka nyumbani, analala kambini na watu wazima, anapigiwa kelele na mashabiki maelfu, na mwili wake haujamaliza kujengeka.

Hapo ndipo kauli ya "mwili hana" inapokosa msingi. Wavulana hawakui kwa saa moja. Kuna anayeanza kurefuka kwa kasi akiwa na miaka 12, na kuna anayesubiri hadi 15 au 16, na wote wawili ni wazima. Ukiwasimamisha vijana wawili wa miaka 14 mstari mmoja, mmoja aweza kuwa na ndevu zinazochomoza na sauti nzito, mwenzake bado anaonekana kama wa darasa la sita. Kocha anayetaka kushinda Jumamosi humchukua wa kwanza. Miaka mitatu baadaye yule wa pili anaweza kumfikia kwa kimo na nguvu, akiwa tayari amejifunza kucheza kwa akili kwa sababu nguvu hakuwa nazo. Wengi, bahati mbaya, huwa wameshaacha mpira kufikia hapo, wamekatishwa tamaa na maneno ya pembeni ya uwanja.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina uzito wake. Katika timu ya chini ya miaka 15, aliyezaliwa Januari anaweza kuwa amemzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kula na kukua. Makocha huita hiyo tofauti kipaji. Wakati mwingine ni kalenda tu.

Mzazi anachopaswa kufuatilia ni mwenendo wa mtoto mwenyewe, si umbo la jirani. Je, nguo za mwaka jana zimembana? Anachoka kuliko zamani? Kijana ambaye kwa mwaka mzima harefuki wala haongezeki uzito, au anayepungua, anastahili kupelekwa kituo cha afya apimwe, kwa sababu nyuma ya hali hiyo huweza kuwa na minyoo, upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari au njaa ya kimyakimya ambayo nyumbani haijaonekana.

Abidjan, kisha London

Februari 2009 Tanzania ilikuwa Abidjan, Ivory Coast, kwenye fainali za kwanza kabisa za CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani. Taifa Stars, chini ya kocha Mbrazili Marcio Maximo, ilikuwa haijafika fainali za Afrika za aina yoyote tangu zile za Nigeria mwaka 1980. Mechi ya kwanza ikafungwa na Senegal 1-0. Ya pili ilikuwa dhidi ya wenyeji, mbele ya watu wao. Matokeo: Tanzania 1, Ivory Coast 0. Mfungaji, Mrisho Ngassa, miaka 19. Mechi ya tatu dhidi ya Zambia ikaisha 1-1 na Stars ikarudi nyumbani, lakini bao la Abidjan lilikuwa limeshaonekana.

Aprili mwaka huohuo akaenda London kufanya majaribio West Ham United, klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza ambayo wakati huo ilifundishwa na Gianfranco Zola. Hakurudi na mkataba.

Ni rahisi kuubebesha mwili lawama, na kuna ukweli kwamba ligi ile huhitaji misuli. Lakini kulikuwa na ukuta mwingine ambao shabiki wa kijiweni haukuuona. Kwa kanuni za Uingereza za miaka ile, mchezaji kutoka nje ya Ulaya alitarajiwa atoke katika nchi iliyo ndani ya 70 bora za orodha ya FIFA, na awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa lake katika miaka miwili iliyotangulia. Tanzania ilikuwa nje ya 70 hizo. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kukata rufaa. Mguu waweza kuongea, lakini orodha ya FIFA haisikilizi mguu.

Mzazi anayeambiwa na mtu fulani kwamba mwanawe "ataondoka kwenda Ulaya mwezi ujao" aikumbuke safari hiyo. Kanuni zimebadilika tangu wakati ule, lakini bado zipo, na bado ni ngumu.

Vidonge vya kunenepa

Kauli ya "mwili hana" ina madhara mengine, na haya hayazungumzwi. Baadhi ya vijana, wengine kwa siri na wengine kwa baraka za nyumbani, hukimbilia duka la dawa kutafuta vidonge vya kunenepesha. Huuziwa dawa za mzio zinazoongeza hamu ya kula, au dexamethasone, ambayo ni dawa nzito ya hospitali.

Dexamethasone hujaza uso na kuongeza kilo, mzazi akafurahi. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji na mafuta. Misuli haipo humo. Ikitumiwa muda mrefu bila daktari inadhoofisha mifupa, inapandisha sukari, inapunguza kinga ya mwili na inaweza kudumaza kimo cha mtoto ambaye bado anakua. Kuiacha ghafla baada ya kuizoea nako ni hatari, kwa sababu mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe. Kijana ambaye tayari anaitumia asiikatishe peke yake; apelekwe kwa daktari aelekezwe namna ya kupunguza. Na kwa mchezaji kuna la ziada: dawa za kundi hilo zikinywewa zimo katika orodha ya zilizokatazwa wakati wa mashindano.

Kilo za kweli hutoka jikoni, na hapa mkazi wa Mwanza hana sababu ya kulalamika sana. Sangara huenda kiwandani na minofu yake hupanda ndege, lakini dagaa wamebaki Mwaloni Kirumba, kwa bei ambayo bado familia nyingi zinaimudu. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, ndiyo maana humpa mtoto protini pamoja na madini ya chokaa na chuma kwa mkupuo mmoja. Waoshwe vizuri kuondoa mchanga, wapikwe na nyanya, waliwe na ugali na mboga ya majani. Nsansa inafaa. Maharage yanafaa. Yai likipatikana, hewala. Matobolwa na michembe, vyakula ambavyo vijana wa mjini wameanza kuvionea aibu, ni wanga mzuri kwa mtu atakayekimbia dakika 90.

Kasoro kubwa zaidi ni saa za kula. Mazungumzo haya yanajulikana katika nyumba nyingi:

"Mama, naenda mazoezi."

"Umekula nini, baba?"

"Nitakula nikirudi."

Alikunywa chai na kitumbua asubuhi, shuleni akala kidogo au hakula kabisa, saa kumi jioni anaanza kukimbia, saa mbili usiku ndipo anakutana na sahani. Mwili wa kijana anayekua hauwezi kujenga chochote kwa ratiba hiyo. Apate mlo kamili saa tatu hivi kabla ya mazoezi. Kama haiwezekani, basi ndizi, kiazi au kikombe cha uji wa ulezi uliotiwa karanga saa moja kabla. Akirudi asisubirishwe hadi mboga za wageni ziive. Na maji: kijana ambaye mkojo wake jioni ni wa njano iliyokolea amekunywa kidogo mno.

Usingizi nao hujenga. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huku kwetu huisha kati ya saa sita na saa saba usiku. Anayetoka kibanda umiza muda huo na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi shule, hilo deni la usingizi analilipa na nyama ya mwili wake.

Seattle, watu 67,000

Mwaka 2010 Ngassa aliihama Yanga kwenda Azam, uhamisho uliozungumzwa sana kwa fedha yake, na msimu wa 2010/11 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu. Julai 2011 akawa Marekani, kwa majaribio Seattle Sounders. Usiku wa Julai 20 aliingizwa kipindi cha pili katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United, mbele ya watazamaji zaidi ya 67,000. United ya Wayne Rooney ilishinda 7-0, kwa hiyo hakuna anayeikumbuka Seattle kwa mechi hiyo. Mwanza wanaikumbuka. Ni umati unaozidi CCM Kirumba iliyojaa, halafu mtoto wa hapa anaitwa kutoka benchi.

Mkataba haukuja tena. Alirudi Azam akaendelea kufunga. Desemba 2012, kwenye Kombe la Chalenji nchini Uganda, aliifunga Somalia mabao matano katika ushindi wa 7-0. Matano, mechi moja, mtu mmoja.

Njia ya kurudi nyumbani

Mtoto wa kando ya ziwa akimaliza mpira ana jasho, vumbi na joto. Nyumbani maji ni ya ndoo na ndoo zina zamu. Ziwa liko pale, halina zamu. Ni nani asiyeingia?

Kichocho kiko humo. Kanda ya ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye ugonjwa huo kwa wingi, na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo Mwanza kimekuwa kikiufanyia utafiti kwa miaka mingi. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi bila mtu kuhisi, huingia kwenye damu na kukua kuwa minyoo. Aina iliyotawala ufukweni hushambulia utumbo na ini. Ile ya mkojo wenye damu huonekana zaidi bara, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga.

Kwa kijana mwanamichezo dalili ya kwanza mara nyingi haionekani kama ugonjwa. Pumzi inakata mapema. Kocha anasema amekuwa mvivu. Tumbo linamuuma mara kwa mara, mara anaharisha, choo kinaweza kuwa na damu ambayo haonyeshi mtu. Ikiachwa miaka, damu inapungua, ini na bandama vinavimba, na wapo wanaofikishwa hospitali wakitapika damu.

Kipimo ni cha choo, na tiba ni praziquantel, vidonge vinavyotolewa kwa uzito au kimo cha mtoto, kwa kawaida kwa mara moja. Shule za msingi kanda hii hupewa dawa hizo kwa kampeni, na kila mwaka kuna wazazi wanaowazuia watoto kwa sababu jirani alisema zinatapisha. Kichefuchefu kipo, hasa kwa mtoto aliyemeza tumbo tupu, ale kwanza. Changamoto ni wa sekondari na walioacha shule, ambao kampeni nyingi haziwafikii, nao ndio wanaojaa viwanjani. Hao wapelekwe kituo cha afya na mzazi.

Dawa huua minyoo iliyopo, haizuii mipya. Akirudi ziwani kesho, anaanza upya. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemewa. Maji ya ziwa yaliyochotwa na kukaa kwenye pipa safi lililofunikwa kwa siku mbili yanafaa kuogea, kwa kuwa vijidudu hivyo hufa visipopata mtu wa kumwingia. Pipa moja nyuma ya uwanja, kwa timu ya watoto ishirini, si mradi wa kuomba mfadhili.

Kaitaba, 2016

Uwanja wa Kaitaba aliouchezea Ngassa akiwa kijana una kumbukumbu nyingine, ya huzuni. Desemba 2016, katika mechi ya ligi ya vijana wa chini ya miaka 20, mchezaji wa Mbao FC ya Mwanza alianguka na kufariki dunia. Alikuwa kijana mdogo, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akikimbia na wenzake.

Vifo vya ghafla uwanjani ni vichache mno ukilinganisha na idadi ya wanaocheza, na hakuna haja ya kumficha mtoto mpira. Lakini mara nyingi vinapotokea chanzo huwa ni moyo, na mara nyingine moyo hutoa ishara kabla. Kijana aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, siyo baada ya kusimama juani bali katikati ya mbio, asirudishwe uwanjani kabla daktari hajamwona. Vilevile mwenye maumivu ya kifua au mapigo yanayokwenda mrama akicheza. Na wazee wa ukoo waulizwe: kuna aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Kuna aliyelala akaamka maiti, watu wakasema karogwa? Majibu hayo apewe daktari. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi, huchukua dakika chache, na hospitali kubwa kama Bugando zinacho.

Kalamu kabla ya wino

Sehemu ya safari ya Ngassa ambayo wapenzi wa Simba na Yanga hawajaisahau ni ya mwaka 2012 na 2013. Akiwa Azam alionyesha hadharani mapenzi yake kwa Yanga, kwenye Kombe la Kagame. Azam ikamtoa kwa mkopo Simba. Msimu ulipoisha akasaini Yanga, Simba nao wakatoa mkataba wakisema ni wao. Shauri likafika kwenye kamati ya TFF. Uamuzi: afungiwe mechi sita, na airejeshee Simba Sh45 milioni. Wakati huo alikuwa na miaka 24 na zaidi ya miaka sita ya soka la kulipwa mgongoni.

Haihitaji kuamua nani alikuwa sahihi kuona jambo hili: ikiwa mtu mzima, nyota wa taifa, anaweza kujikuta kati ya saini mbili, mtoto wa miaka 16 wa Buhongwa ana kinga gani? Kinga yake ni mzazi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa na mkataba unaozidi miaka mitatu. Uhamisho wa kimataifa wa mtoto wa umri huo umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wake kuhamia nchi nyingine kwa mambo yasiyohusu mpira. Wakala lazima awe na leseni, na hawezi kumwakilisha mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Anayekuja usiku na bahasha na kusema "tumalize tu, mzee, hayo mengine ya kitaalamu" amejieleza vya kutosha. Nakala ya mkataba ibaki nyumbani, ndani ya bahasha ileile yenye cheti cha kuzaliwa.

Na cheti hicho kiwe cha kweli. Kupunguza umri bado kunaonekana kama ujanja, wakati tangu 2009 FIFA hupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono kwa vijana wa chini ya miaka 17. Mfupa hauna mjomba. Tena kijana wa miaka 19 anapowekwa na wa 15, anayeumizwa ni mtoto wa mtu.

Mabao sita na kushuka mlima

Adhabu ilipokwisha, Ngassa alicheza labda mpira wake bora. Februari 2014 Yanga ilikutana na Komorozine ya Comoro katika Ligi ya Mabingwa Afrika: 7-0 Dar es Salaam, 5-2 ugenini, na Ngassa akafunga mabao matatu kila mechi. Raundi iliyofuata Yanga iliifunga Al Ahly ya Misri 1-0 nyumbani kwa bao la Nadir Haroub 'Cannavaro', ikafungwa 1-0 Misri na kutolewa kwa penalti. Ngassa hakucheza tena mashindano yale, lakini yalipofika mwisho, mabao yake sita yalikuwa bado yanamweka kileleni pamoja na wengine waliocheza hadi hatua za mbali.

Mwaka 2015, baada ya Yanga kutwaa ubingwa wa Bara, akaenda Afrika Kusini kuichezea Free State Stars ya mji wa Bethlehem. Sasa alikuwa na miaka 26. Mwaka uliofuata akawa Oman, klabu ya Fanja. Kisha akarudi nyumbani: Mbeya City, Ndanda ya Mtwara, na mwaka 2018 Yanga tena, kwa mara ya tatu, akiwa na miaka 29 katikati ya vijana waliokuwa shule ya msingi alipofunga Abidjan.

Wazazi wengi huona picha ya katikati tu, ile ya Abidjan na Seattle. Mwisho wa mchezaji huja mapema: akifika miaka thelathini na kitu, umri ambao mwalimu au fundi ndiyo kwanza anakomaa kazini, goti linaanza kumwamkia kabla yeye hajaamka. Wachezaji wa winga hulipia zaidi nyama za nyuma ya paja, na kila jeraha lililorudishwa uwanjani kabla ya kupona hukata kipande cha miaka ya mbele. Mtoto anayesema goti linamuuma chini ya kifuniko kila akimaliza mazoezi, hasa wakati anarefuka haraka, apunguziwe mazoezi na apimwe. Asichuliwe kwa nguvu na mtu wa mtaani, wala asipewe kidonge cha kutuliza maumivu ili acheze fainali ya kombe la mbuzi.

Pamba, sasa kwa jina la Pamba Jiji, ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25, na CCM Kirumba ikapata tena timu ya mji ya kushangilia. Nje ya uzio wa uwanja huo vijana bado hucheza hadi mpira usionekane. Giza likiingia hugawanyika makundi mawili: wanaopanda mlima kwenda nyumbani wakiwa na vumbi lao, na wanaoteremka kwanza ziwani kujimwagia maji.